Plasma kwenye koo la mtoto: jibu kwa mama wa Ugunja

*"Daktari, nina mtoto wa kiume wa miaka sita, kilo 18. Tangu mwaka jana anakoroma usiku kucha, analala mdomo wazi, shingo ameinyoosha kama anayetafuta hewa. Kuna nyakati pumzi inakatika kabisa, halafu anashtuka. Ameanza tena kukojoa kitandani, na mwalimu anasema anasinzia darasani. Koo humuuma kama mara tatu kwa mwaka. Kliniki moja ya kibinafsi Kisumu imeniambia mafindofindo na nyama za pua zitolewe kwa plasma, kwamba hakuna damu, hakuna maumivu, na baada ya siku mbili atarudi shule. Bei yao inazidi sana ya upasuaji wa kawaida. Kanisani nimeambiwa hayo mawimbi ya redio huleta kansa, na kwamba plasma ni kumtoa mtoto damu. Mama mkwe anasema nisipoteze pesa, kuna mzee anayekata kilimi. Tena mtoto wa jirani alitokwa na damu siku ya saba baada ya upasuaji kama huo, akakimbizwa hospitalini usiku. Nimechanganyikiwa. Plasma ni salama? Nifanye nini?"*

Dada, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nikimtazama huyo kijana akilala na shingo imenyooshwa, maana watoto wa namna hiyo nawaona karibu kila wiki. Umeuliza kuhusu chombo, lakini barua yako ina maswali matatu yaliyosukwa pamoja: kama mtoto anahitaji upasuaji, kama plasma ni salama, na kama yaliyompata mtoto wa jirani yatampata wako. Nitayafumua moja moja. Nakuomba uvumilie, kwa sababu jibu la chombo ndilo fupi kuliko yote.

Kwanza nikuondolee hofu mbili ulizobebeshwa kanisani. Plasma inayozungumziwa hapa haihusiani na damu hata kidogo. Ni ajali ya majina tu. Kuna plasma ambayo ni ule umajimaji wa rangi ya majani makavu unaobaki chembe za damu zikiondolewa, na kuna plasma ya wanafizikia, yaani gesi iliyopata nguvu nyingi mpaka atomu zake zikapoteza elektroni. Radi ni plasma. Mwanga ndani ya taa ya tyubu ni plasma. Ya kwenye koo ni ya ukoo huo wa pili. Hakuna atakayemtoa mwanao damu ili aitengeneze.

Kuhusu kansa: mionzi inayojulikana kuharibu chembe za urithi na kuleta kansa ni ile yenye nguvu kubwa, kama eksirei ikizidi kipimo. Umeme wa chombo hiki hupiga takriban mara laki moja kwa sekunde, yaani kilohezi 100. Hiyo iko chini hata ya mawimbi ya AM ambayo babu zetu walisikilizia taarifa ya habari. Haubaki mwilini mashine ikishazimwa, wala hauna nguvu ya kuvunja chembe za urithi za mbali. Unafanya kazi pale tu ncha ya kijiti inapogusa.

Sasa kinafanyaje kazi? Daktari hushika kijiti chembamba, chenye mashimo na vijiwaya nchani. Kupitia kijiti hicho hutiririshwa maji ya chumvi, yale yale ya chupa za kutundikia wagonjwa. Umeme ukipita kati ya vijiwaya viwili vilivyokaribiana sana, maji yaliyo katikati hugeuka mvuke, na ndani ya mvuke huo ile chumvi huachana ikawa chembe zenye chaji. Hapo hutokea utando wa plasma mwembamba kama unene wa nywele moja au mbili. Chembe hizo huvunja viunganishi vya molekuli za nyama, nyama ikamomonyoka na kugeuka gesi nyepesi na vipande vidogo ambavyo kijiti chenyewe hunyonya. Ukipata nafasi ya kuona, ncha ile huwaka rangi ya njano ya chungwa. Umewahi kuchemsha viazi vyenye chumvi kwenye meko ya gesi, maji yakafurika, moto wa buluu ukageuka njano ghafla? Rangi ile ni ya sodiamu, na ni sodiamu hiyo hiyo inayong'aa kwenye kijiti.

Faida yake inatoka hapo. Kisu cha kawaida cha umeme, ambacho hospitali nyingi zinacho, hukata kwa kuchoma, na joto nchani mwake linaweza kupita nyuzi 400. Plasma hufanya kazi kati ya nyuzi 40 na 70 hivi. Nyama iliyo jirani haiungui sana. Tena umeme huenda na kurudi ndani ya kijiti hicho hicho, haupiti mwilini mpaka kwenye kile kibandiko kinachowekwa pajani kwa upasuaji wa umeme wa kawaida. Kwa hiyo chombo chenyewe nakikubali, na nakitumia kwa moyo mkunjufu pale kinapofaa.

Ila maneno uliyoambiwa kliniki siyakubali. "Hakuna damu, hakuna maumivu, siku mbili shule." Hakuna njia ya kutoa mafindofindo inayostahili kuuzwa kwa maneno hayo, na mzazi aliyeuziwa hivyo huchelewa kurudi hospitalini mambo yakiharibika, kwa sababu aliambiwa hayawezi kuharibika.

Nikueleze kinachojulikana. Uingereza walifanya ukaguzi mkubwa kati ya 2003 na 2004, wakafuatilia wagonjwa zaidi ya 33,000 waliotolewa mafindofindo. Waliofanyiwa kwa vyombo vya umeme, plasma ikiwemo, walitokwa na damu takriban mara tatu zaidi ya waliofanyiwa kwa vyombo baridi vya chuma na kufungwa mishipa kwa uzi. Matokeo yale yalishtua wengi, mimi nikiwa mmoja wao nilipoyasoma, kwa sababu tulidhani kipya ni bora. Sehemu ya sababu ilikuwa mikono: madaktari wengi walikuwa ndio kwanza wanajifunza kijiti hiki. Mwaka 2005 taasisi ya nchi hiyo inayotoa miongozo ya matibabu ikasema plasma iendelee kutumika, mradi daktari awe amefunzwa na ahesabu wagonjwa wake wangapi wametokwa na damu. Baadaye, mwaka 2017, marejeo ya Cochrane, kundi la watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 29. Maumivu ya siku ya kwanza yalikuwa pungufu kidogo kwa plasma, tofauti ambayo mtoto anaweza asiihisi. Damu ya siku za baadaye ilionekana kuzidi kidogo, kama watu 5 kwa 100 dhidi ya karibu 4, na waandishi wenyewe wakasema ushahidi ni dhaifu.

Maana yake kwako ni hii: kwa kutoa findo lote, plasma ikilinganishwa na njia ya kawaida iliyofanywa na mikono mizuri, tofauti ni ndogo. Haitoshi kumfanya mzazi auze ng'ombe.

Kuna hali moja ambapo naona tofauti ni kubwa, na inamhusu mwanao moja kwa moja. Findo lina ganda, na nyuma ya ganda kuna misuli ya koo, mishipa ya damu na ya fahamu. Ukitoa findo na ganda lake, misuli ile hubaki wazi kama kidonda, ndipo maumivu na damu vinapotokea. Lakini mtoto ambaye shida yake ni kuziba kwa njia ya hewa, wala si maambukizi ya kila mwezi, hahitaji kutolewa findo lote. Linaweza kumomonyolewa kutoka ndani, kama unavyochota parachichi kwa kijiko, ukaacha utando mwembamba ukilinda ganda. Njia hewa inafunguka, misuli haiguswi. Watoto wa namna hii huumwa kidogo, hula mapema, na hatari ya damu hupungua waziwazi. Plasma inafaa sana kwa kazi hiyo kwa sababu inachota taratibu, tabaka kwa tabaka. Hasara yake ni kwamba kwa watoto wachache kati ya mia, kile kilichobaki huota tena na kuhitaji kurudiwa. Kwa hiyo ukirudi kliniki, swali la kuuliza kabla ya lile la bei ni hili: "Daktari, utatoa lote au utapunguza?" Jibu litakueleza mengi kuhusu unacholipia.

Turudi kwa mtoto mwenyewe. Je, anahitaji upasuaji?

Kwa maumivu ya koo mara tatu kwa mwaka, hapana. Kipimo kinachotumika duniani ni mara saba kwa mwaka mmoja, au mara tano kila mwaka kwa miaka miwili mfululizo, au mara tatu kila mwaka kwa miaka mitatu, tena yawe maumivu yaliyoonwa na daktari: homa, usaha, tezi za shingo zilizovimba. Mafua na kikohozi havihesabiwi. Wazazi wengi wa huku Nyanza na Magharibi huleta watoto wakiogopa kwamba koo "litashuka kwenye moyo". Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu kuna bakteria wa koo ambaye asipotibiwa huweza kuamsha ugonjwa unaoharibu vali za moyo, na tunao watoto wa namna hiyo wodini. Lakini kinga yake ni kutibu koo la bakteria kwa penisilini mpaka dozi iishe, siku zote kumi kama ni ya kumeza. Kutoa mafindofindo si chanjo ya moyo.

Lakini kwa pumzi inayokatika usiku, huenda ndiyo. Mafindofindo na nyama za pua huwa kubwa kuliko nafasi yake kati ya miaka mitatu na saba hivi, kisha husinyaa mtoto anapokua. Mchana misuli ya koo hushikilia njia wazi. Akilala, misuli inalegea, nyama zinakutana katikati, hewa inazibwa, oksijeni inashuka, ubongo unapiga kengele, anashtuka. Mara nyingi kwa saa. Asubuhi yeye hana kumbukumbu, ila mwili unajua: anasinzia darasani au anakuwa mtukutu kupita kiasi, na uzito hauongezeki kwa sababu kupumua kumegeuka kazi ya kibarua. Hata hiyo kukojoa inaeleweka. Moyo unaovutwa kwa juhudi za kupumua hutoa homoni inayoongeza mkojo. Tafadhali msimchape wala kumtangaza mbele ya wenzake. Hana kosa.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, wa watoto 464 wenye umri wa miaka 5 hadi 9. Nusu walifanyiwa upasuaji mapema, nusu wakasubiri wakiangaliwa. Baada ya miezi saba, kupumua kulikuwa kwa kawaida kwa watoto 79 kati ya 100 waliofanyiwa upasuaji, na kwa 46 kati ya 100 waliosubiri. Tabia na usingizi viliimarika zaidi kwa waliofanyiwa upasuaji. Umakini uliopimwa kwa majaribio haukutofautiana sana. Nakutajia hayo ili ujue kusubiri si uzembe kwa mtoto ambaye shida yake ni nyepesi. Dawa ya kupuliza puani kwa wiki kadhaa hupunguza nyama za pua kwa baadhi yao, hasa wenye mzio. Hata hivyo watoto walio hoi hawakuingizwa kwenye utafiti ule, na mtoto unayenieleza, mwenye pumzi inayokatika, kilo 18 kwa miaka sita, anayesinzia shuleni, hanisikiki kama wa shida nyepesi. Singependa akae mwaka mwingine hivyo.

Kipimo kamili cha usingizi ni ghali na hakipatikani kwa urahisi huku kwetu. Unaweza kunisaidia, au kumsaidia daktari yeyote atakayemwona, kwa simu yako. Usiku, akishalala fofofo kwa muda wa saa mbili tatu, mfunue kifua, washa taa kidogo, mrekodi dakika mbili. Tunataka kuona kifua kikivuta na kuingia ndani ya mbavu, na kusikia ule ukimya kabla ya kushtuka. Video ya namna hiyo imenisaidia kuamua mara nyingi kuliko maelezo ya nusu saa.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza na ambalo kwangu lina uzito kuliko plasma. Je, mwanao amewahi kupimwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi huuita sikoseli? Ukanda wetu huu wa ziwa, kuanzia Busia na Siaya mpaka Homa Bay, ndiko selimundu ilikozagaa zaidi Kenya. Mtoto mwenye ugonjwa huo akikosa maji, akishikwa na baridi au akipungukiwa oksijeni wakati wa dawa ya usingizi, chembe zake nyekundu zinaweza kujikunja na kuziba mishipa. Anaweza bado kufanyiwa upasuaji, na wengi wanauhitaji kwa sababu mafindofindo yao huwa makubwa, lakini hupangwa tofauti: anawekewa maji mapema, anahifadhiwa joto, mara nyingine anaongezwa damu kabla, na analala wodini. Kipimo ni damu kidogo tu. Mtoto wa huku asipelekwe thieta ya koo bila majibu hayo. Wakati huo huo wapime wingi wa damu, na malaria kama ana homa. Mweleze daktari pia kama kuna mtu wa ukoo anayetokwa na damu ovyo, aking'olewa jino au akitahiriwa, na damu ikakataa kukoma.

Kuhusu mama mkwe. Nyanya huyo anamwona mjukuu akihangaika, na anatoa alicho nacho. Mjibu kwa upole, lakini usikubali. Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia katikati nyuma ya mdomo. Hakizibi hewa ya mtoto huyu, hakileti kikohozi, na kukikata hakugusi mafindofindo yaliyo kando wala nyama zilizojificha nyuma ya pua. Ninachokijua kutokana na visu hivyo ni watoto wanaoletwa wamepoteza damu, wenye usaha shingoni, na hatari ya pepopunda. Ukipata nafasi, mchukue nyanya mwende naye kliniki, daktari amwonyeshe kwa taa kilimi kiko wapi na findo liko wapi. Wazee wengi wakionyeshwa huelewa haraka kuliko sisi tunavyodhani.

Utasikia pia kwamba akitolewa mafindofindo kinga yake itaisha. Mwili una tezi nyingi za kazi hiyo, na watoto waliotolewa hawageuki kuwa wagonjwa wa kudumu. Hata hivyo utafiti wa Denmark wa mwaka 2018, wa watoto takriban milioni 1.2, ulikuta magonjwa ya njia ya hewa yakiwa mengi zaidi ukubwani kwa waliotolewa wangali wadogo. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kusema moja kwa moja kilichosababisha ni upasuaji au ni ule ugonjwa uliowapeleka huko. Kwangu hiyo ni sababu nyingine ya kutokata bila hoja, na sababu nyingine ya kupunguza badala ya kutoa lote inapowezekana.

Mtoto wa jirani yako, sasa. Damu baada ya upasuaji huu huja kwa nyakati mbili: saa 24 za kwanza, na tena kati ya siku ya tano na ya kumi hivi, ule utando mweupe unapobanduka. Siku ya saba ndiyo hasa wakati wake. Kwa hiyo yaliyompata ni jambo linalojulikana, lenye siku zake, na ndiyo maana linaweza kupangiwa.

Nikiwa zamu ya usiku miaka kadhaa iliyopita, aliletwa msichana wa miaka minane kutoka mbali, kwa bodaboda kisha matatu. Alikuwa ametema damu kidogo jioni. Walipopiga simu mahali alipofanyiwa upasuaji, waliambiwa wasubiri asubuhi. Saa tano usiku alitapika damu nyeusi kama mashapo ya kahawa, bakuli zima. Mama yake alikuwa ameona akimeza mate kila mara tangu alasiri, akadhani ni maumivu. Alikuwa anameza damu. Tulimrudisha thieta, tukafunga mshipa, akapona. Lakini mikono yake ilivyokuwa baridi siwezi kuisahau. Mtoto wa kilo 18 ana damu ya takriban lita moja na robo tu mwilini, na kikombe kimoja cha chai ni sehemu kubwa ya hiyo.

Ndiyo sababu nakusihi: wiki mbili za baada ya upasuaji zipangwe kabla ya upasuaji. Kutoka Ugunja hadi Kisumu ni zaidi ya saa moja barabara ikiwa nzuri, na usiku matatu ni za kubahatisha. Kama una dada, shangazi au mtu wa kanisa mwenye nyumba Kisumu, mtoto akae huko siku kumi. Kama haiwezekani, ujue ni gari la nani litakalowabeba saa nane usiku, na namba yake iwe kwenye simu yako na kwenye karatasi ukutani. Damu nyekundu mdomoni ikizidi kijiko, au kumeza kusikokoma akiwa usingizini, au kutapika kweusi: safari inaanza dakika hiyo. Usisubiri kuona kama itakoma. Akae wima, ateme, asipewe kitu cha kula.

Mambo mengine yasikutishe. Koo litakuwa na utando mweupe; huo si usaha, ni kama kigaga cha kidonda kilicho mahali pa majimaji. Mdomo utanuka. Sikio litauma ingawa halina ugonjwa, kwa kuwa linashiriki mshipa wa fahamu na koo. Maumivu mara nyingi huzidi siku ya tatu hadi ya tano, wakati ambapo wazazi walidhani yameisha. Dawa apewe kwa saa, asisubiriwe alie. Parasetamoli hupimwa kwa uzito, miligramu 15 kwa kila kilo, kila saa sita. Kwa kilo 18 hiyo ni miligramu 270, yaani kama mililita 11 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Soma chupa, kisha hakikisha na daktari wako. Ibuprofeni huongezwa kama daktari ameruhusu. Aspirini asipewe kabisa. Na hili nalisisitiza: dawa yenye kodeini au tramadoli asipewe, hata kama duka la dawa linaiuza kama ya kikohozi. Miili ya baadhi ya watoto huigeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi kubwa, na watoto wamekufa usingizini baada ya upasuaji huu huu. Tangu mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani inasema kodeini isitumike kwa maumivu wala kikohozi kwa watoto wote wa chini ya miaka 12.

Anywe, anywe, anywe. Uji uliopoa, maziwa mala, maji, barafu ya kulamba. Chakula cha kawaida kinaruhusiwa, kutafuna kunasaidia koo lisikakamae. Samaki mpe, ila umtolee miiba yote. Akikataa kunywa siku nzima au asipokojoa, mrudishe. Homa ndogo siku ya kwanza na ya pili ni kawaida, lakini huku kwetu homa ya siku ya nne apimwe malaria pia, isidhaniwe tu ni koo. Shule ni baada ya siku kumi hadi kumi na nne kama ametolewa lote. Akipunguzwa tu, huenda wiki moja ikatosha.

Nimesema plasma naitumia kwa moyo mkunjufu, nawe umeuliza usalama wake, basi nimalizie upande huo. Kijiti ni cha mgonjwa mmoja. Hakichemshwi na kurudiwa, kwa sababu mifereji yake myembamba haisafishiki na vijiwaya vyake huisha. Una haki ya kuuliza kama kitafunguliwa kipya kwa ajili ya mwanao, na hicho ndicho kinachopandisha bei. Maji ya chumvi yakikosa kutiririka vizuri, plasma hufifia na joto hupanda, kwa hiyo mikono iliyozoea ni muhimu. Muulize daktari amefanya wangapi, na wangapi walirudi na damu. Anayehesabu wagonjwa wake hatakasirika. Muulize pia nani atatoa dawa ya usingizi, kama amezoea watoto wenye pumzi ya kukatika, na kama mtoto atalala hapo usiku wa kwanza. Mwenye umri wa chini ya miaka mitatu au mwenye shida kali ya kupumua asirudishwe nyumbani siku hiyo hiyo.

Kijiti hiki kina kazi nyingine kooni ambako kwa kweli kinang'aa: chunjua zinazoota kwenye nyuzi za sauti kwa ajili ya virusi vya papiloma, uvimbe wa maji chini ya ulimi, nyama za shina la ulimi kwa watu wazima wanaokoroma. Mzazi mwingine akisoma hapa, na mtoto wake sauti imekauka kwa zaidi ya mwezi, ampeleke akaangaliwe nyuzi za sauti. Wengine nimewapokea wakiwa wametibiwa pumu miaka miwili bila pumu. Na findo moja likiwa kubwa ghafla kuliko jingine, au shingo ikivimba bila maumivu, au mtoto anakonda, hilo halingojei foleni ya upasuaji wa kawaida. Ukanda huu una kansa ya tezi ya watoto inayokua kwa siku, si kwa miezi, na inatibika ikiwahiwa.

Kwa mpango wako, ningefanya hivi. Wiki hii, kipimo cha selimundu na wingi wa damu, vinapatikana hospitali ya Siaya. Usiku mmoja, video. Kisha maoni ya pili kutoka kwa daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa: Jaramogi ya Kisumu, pale wazee wanapoita Russia, au Moi kule Eldoret kama una ndugu upande huo. Uliza mapema SHA, bima ya afya ya serikali, italipia nini, upate kibali kabla ya tarehe. Ukiambiwa kwamba hakuna plasma ila yuko daktari mzoefu wa njia ya kawaida, mtaalamu wa usingizi wa watoto na kitanda cha usiku, chukua hiyo bila majuto. Ukiambiwa plasma ipo, na daktari anajua kupunguza bila kutoa lote, na bei unaiweza bila kuuza shamba, chukua hiyo.

Wakati unangoja, mlaze kwa ubavu, kichwa kimeinuliwa kidogo, mbali na moshi wa jikoni. Usiku wowote midomo yake ikigeuka rangi ya zambarau, au ukashindwa kumwamsha vizuri, usisubiri miadi ya kliniki. Mpeleke Siaya usiku huo huo na uonyeshe ile video mlangoni.